Santuri ya Spiderland ya Slint, uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nianze na bei maana najua ndo mtauliza. Santuri, usafiri na ushuru, mpaka naishika mkononi hapa Dar ilinifika laki moja na themanini, na ni nyimbo sita tu. Sita! Dakika hazifiki hata arobaini. Mke wangu nilipomtajia alicheka kwanza, halafu akanyamaza, na kile kimya ndo kilinitisha.

Kwa wasiowajua, Slint walikuwa bendi ya roki ya madogo wanne wa Louisville, Kentucky, kule Marekani, wanafanya mazoezi chini kwenye besimenti ya nyumba ya wazazi wa mpiga drams wao Britt Walford. Walianza 1986, albamu ya kwanza Tweez ikatoka 1989 ikapita kimyakimya, halafu Agosti 1990 wakaingia studio Chicago wakarekodi hii kwa siku nne basi. Imekuja kutoka Machi 1991 kupitia Touch and Go, lebo ya kujitegemea ya hukohuko Chicago, ila sasa inatoka bendi yenyewe haipo, Brian McMahan anayeimba alishajitoa, safari ya Ulaya ishakufa, yaani mzigo unaingia sokoni wenye duka washafunga na kuondoka. Steve Albini aliyewarekodia ile ya kwanza aliipa nyota kumi kwenye Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, na bado watu wengi wakaja kuistukia miaka baadaye.

Mi nilikuwa naisikiliza kwenye simu kitambo tu na sikuona maajabu. Kilichonichokoza ni kwamba kwenye sidii yake waliandika kabisa kuwa kazi hii imekusudiwa kusikilizwa kwenye santuri. Nikasema hawa wana kiburi, na mimi gramafoni ya marehemu mzee ninayo, ngoja tuone.

Kufunga mzigo: hovyo. Muuzaji simtaji maana tulishamalizana, ila aliiweka kwenye bahasha laini, kona ya kava imekuja imekunjika kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Roho iliniuma kwa sababu kava lenyewe ni zuri mno, picha nyeusi na nyeupe aliyoipiga rafiki yao Will Oldham, vichwa vinne vinaelea kwenye maji ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, wanacheka. Binti yangu akaniuliza baba hawa wanaogelea au wanazama? Na nyuma kuna tangazo, wanatafuta waimbaji wa kike waandike barua, anwani hiyo hapo. Bendi imekufa bado inaajiri.

Sasa sauti. Upande wa kwanza wimbo wa tatu hauna drams kabisa, ni magitaa na mtu ananong'ona, sikusikia kitu nikaongeza, bado, nikaongeza tena, ilikuwa saa tano usiku, mara gitaa likalipuka bwana nikadhani spika imepasuka, nimeruka kuzima nikaikwangua na sindano. Huo mkwaruzo upo mpaka leo. Kwa hiyo ushauri wa bure, weka sauti ya wastani uisogelee spika, usiongeze. Na hapo ndo nilipoelewa, kwenye simu kila kitu kilikuwa sawasawa, huku ile tofauti ya mnong'ono na kishindo inakupiga kifuani.

Mama alikuwa amekuja kutoka Morogoro akakaa akasikiliza kidogo akaniuliza, "Mwanangu, hawa wameshaanza au bado wanajaribu vyombo?" Mzee alikuwa mtu wa Sikinde, ile bendi ya dansi, kwa hiyo mama anajua wimbo unaanza taratibu, mashairi, halafu chemko watu wanainuka. Hawa unasubiri chemko weee haiji, ikija inakuja kama ajali. Na usijaribu kuwahesabia moja mbili tatu nne, nyimbo mbili za mwanzo utapotea kabla hujafika mbali. Kuimba ndo hawaimbi sana, McMahan anasimulia tu kama mtu anayeongea peke yake chumba cha pili, ila wimbo wa mwisho wa nahodha aliyenusurika meli ikizama, anavyopiga kelele mwishoni, jamani.

Wimbo wa tano ambao ni vyombo vitupu mi huwa naenda kuchemsha chai, siwadanganyi.

Walikuja kukutana tena 2005 kwa shoo chache, lakini albamu ya tatu hakuna, aliyepiga besi humu Todd Brashear akaendesha duka la kukodisha kanda za video hukohuko Louisville miaka kibao. Hii ndo albamu ya mwisho waliyoacha.

Kama unataka muziki wa kuchezea sebuleni Jumamosi, usinunue, hela yako itakuuma. Mi nimetoa nyota nne, ya tano imebaki kwenye ile kona ya kava. Sindano nimeipeleka kwa fundi Kariakoo, kaniambia nirudi Alhamisi.