Darubini ya 8x21: tumeijaribu na watoto Ruaha

Kamwene wadau! Leo niko na darubini hii ndogo ya kukunja. Tumeibeba Hifadhi ya Taifa ya Ruaha familia nzima, mpaka mama yangu, kutoka Iringa mjini alfajiri kupitia Idodi na Tungamalenga. Kilometa kama 130, na vumbi la ile njia mnalijua wenyewe.

Hapa imeandikwa 8x21. Hiyo 8 ndiyo kukuza: twiga aliye mita 80 unamwona kama yuko mita 10. Hiyo 21 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa madukani kuna madude yameandikwa 30x60, bei chee. Nenda na rula, pima lenzi. Isipofika hata sentimita 3, hiyo 60 ni mapambo, na 30 nayo usiiamini. Na hata ingekuwa kweli, kwa mikono mitupu picha ingerukaruka tu, usione mnyama wala mti.

Pale Mto Ruaha Mkuu nilimpa mama. "Mbona mawe tu?" Nikamwambia, "Tulia mama, liangalie hilo la kushoto." Mara jiwe likatikisa sikio. Kiboko! Basi darubini haikurudi kwa wajukuu kirahisi.

Kabla ya kuwapa watoto, irekebishe. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka la kushoto lione vizuri. Kisha fumba la kushoto, malizia na kile kipete cha upande wa kulia. Mwenye miwani akunje zile raba za machoni. Na dereva azime injini, gari likinguruma kila kitu kinatetemeka.

Ubaya wake? Kitinda mimba wangu macho yamekaribiana, mirija haikunjiki ikamtosha, akaishia kuchungulia kwa jicho moja. Jioni nayo lenzi ndogo haiingizi mwanga wa kutosha. Tandala kichakani alibaki kivuli. Hapo 8x42 ingekuwa bora, ila ni nzito kwa shingo ya mtoto.

Halafu msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wa kule wanazipenda rangi hizo balaa.

Mimi kwa familia ningenunua mbili ndogo kuliko moja kubwa, ugomvi wa siti ya nyuma unapungua. Kamba yake tu ni nyembamba, ibadilisheni kabla hamjafika getini, maana darubini ikidondoka nje ya gari huruhusiwi kushuka kuiokota.