Bujora: Makumbusho Yanayohifadhi Nyumba kwa Kuzijenga Upya

Mgeni akifika Mwanza tumezoea kumwonyesha Jiwe la Bismarck, kumvusha hadi kisiwa cha Saanane, na jioni kumketisha ufukweni ale sato, kisha tunamsindikiza stendi tukiamini kwamba ameujua mkoa wetu. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyo umbali wa kilometa 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, mara nyingi hayamo katika ratiba hiyo. Mwezi Julai nilimpeleka huko mama yangu mzazi, ambaye alizaliwa ndani ya nyumba ya msonge na kulelewa humo hadi alipoolewa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu mengi niliyoyaona, tathmini hii ni yetu sote wawili.

Kufika hakuna ugumu. Unapanda daladala la Kisesa kupitia Igoma, ukishuka Kisesa unachukua bodaboda hadi kilimani, au unatembea ikiwa jua halijawa kali. Ninashauri kufika asubuhi na kuomba mwongozaji tangu mwanzo, kwa sababu nyumba za Bujora hazijielezi zenyewe. Mtu anayezipitia peke yake ataona vibanda vya udongo na nyasi, atapiga picha na kuondoka, ilhali anayeongozwa ataelewa kwa nini mlango umekuwa mfupi, kwa nini paa limeshuka karibu na ardhi, na nani alikuwa na ruhusa ya kuketi wapi.

Kituo hiki kilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye alianza kazi Bujora katika miaka ya 1950 na ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1968. Mwaka huo una uzito wake, kwa kuwa utemi, yaani utawala wa machifu wa jadi, ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963, na ngoma, viti na mikuki ya watemi ilikuwa katika hatari ya kukosa mahali pa kukaa. Vitu hivyo vilipata makao katika jengo lililoundwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Neno ikulu, ambalo leo kila Mtanzania analitumia kwa makao ya rais, huku kwetu lilikuwa jina la makao ya mtemi, na mama alipolisikia likitamkwa na mwongozaji katika maana yake ya zamani alitabasamu kama mtu aliyekutana na jirani aliyepotea siku nyingi.

Kanisa la mviringo, lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma, linastahili kutembelewa hata na asiye Mkatoliki, na jengo la vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, litampendeza kila aliyewahi kushuhudia mashindano ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni. Hata hivyo, sikuenda Bujora kwa ajili ya ngoma. Nilikwenda kuangalia nyumba, na hizo ndizo ninazotaka kuzizungumzia kwa kirefu.

Katika eneo la wazi mmejengwa makazi ya kimila: nyumba ya familia, nyumba ya mganga pamoja na vijumba vya mizimu, na mahali pa mhunzi penye mivukuto. Msonge huanza kwa nguzo zilizochimbiwa kwa duara. Nguzo hizo hufungwa fito kwa kamba za magome, ukuta ukakandikwa udongo uliokanyagwa vizuri ndani na nje, na juu yake likasimamishwa paa la pia lenye mwinuko mkali. Mwinuko huo ndio uhai wa nyumba. Nyasi hazizuii maji kama bati. Kazi yake ni kuyateremsha haraka kabla hayajapenya, na paa likilala kidogo tu mvua ya masika italiozesha kutoka ndani. Mama alisimama muda mrefu chini ya upenu akitazama jinsi matita ya nyasi yalivyopangwa, kisha akamwambia kijana aliyetuongoza, "Mwanangu, nyasi huanza kuezekwa chini kupanda juu. Ukianza juu unamwekea mvua mlango." Kijana akamjibu kwa heshima, "Ndivyo wazee walivyotufundisha, mama," na kuanzia hapo wawili hao walizungumza kama mafundi, mimi nikabaki kuwa msikilizaji.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kinachoitofautisha Bujora na makumbusho ya wazi ya Ulaya. Skansen, iliyoanzishwa na Artur Hazelius mjini Stockholm mwaka 1891 na kuwa mfano kwa nyingine nyingi duniani, ilikusanya nyumba halisi kutoka sehemu mbalimbali za Sweden. Nyumba ya magogo inaweza kufunguliwa gogo moja moja, kila gogo likatiwa alama, likasafirishwa na kupangwa tena mahali papya, na mgeni akagusa mti uleule uliochongwa karne kadhaa zilizopita. Nyumba ya udongo na nyasi haihamishiki namna hiyo. Ukiibomoa unabaki na kifusi, ukiiacha mchwa wanaanza na nguzo, mvua inamalizia ukuta. Kwa hiyo anayetaka kuihifadhi hana budi kuijenga upya, tena na tena, na kinachohifadhiwa hasa ni mkono wa fundi na kumbukumbu yake ya namna ya kuchagua mti, kukata nyasi wakati wa kiangazi zikiwa zimekauka, na kufunga fito bila msumari.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kwa sababu hiyo nyumba za Bujora si za kale. Sikubaliani nao hata kidogo. Hata sheria yetu imechangia fikra hiyo: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa majengo ulinzi wa moja kwa moja ikiwa yalijengwa kabla ya mwaka 1863, na yaliyojengwa baada ya hapo husubiri kutangazwa na waziri. Kipimo hicho kinayafaa magofu ya mawe ya Kilwa. Msonge ambao kwa asili yake huezekwa upya mara nyingi katika maisha ya mtu mmoja hauwezi kukifikia. Walio upande wa pili wa ziwa wametupatia mfano mzuri zaidi. Jumba la nyasi la Muzibu Azaala Mpanga la Kasubi, Kampala, lililojengwa mwaka 1882 na kugeuzwa kaburi la Kabaka (mfalme wa Buganda) Muteesa I mwaka 1884, liliteketea kwa moto mwezi Machi 2010. Lingekuwa limekwisha, kama uezekaji wake usingekuwa jukumu la kurithi la ukoo wa Ngeye. Ukoo huo uliijua kazi, jumba likajengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba jengo la nyasi huishi ndani ya watu.

Lipo jambo moja ambalo nyumba ya makumbusho hailipati kwa urahisi, nalo ni moshi. Katika msonge unaokaliwa, mafiga hayapoi siku nyingi; moshi hupanda hadi kileleni, hupaka nguzo na fito masizi meusi, na kuwafukuza wadudu wanaokula nyasi. Nyumba isiyopikiwa huoza mapema kuliko ile yenye familia. Mama alilisema hilo mara tu alipoinama kuingia: "Hapa panataka moto." Ombi langu kwa makumbusho yote ya aina hii, kuanzia Bujora hadi Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ni kwamba mafiga yawashwe kwa uangalizi siku zilizopangwa, mgeni aonje ugali wa mtama au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyopikwa humo, na paa nalo lipate dawa yake. Ombi la pili ni kwamba kazi ya kuezeka ifanywe mbele ya umma na kutangazwa mapema kama inavyotangazwa ngoma. Ningelipa kiingilio mara mbili kutazama siku hiyo.

Ninayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nimeona mahali pengine matokeo ya kuiga umbo bila kujua kazi. Hoteli moja ya kando ya ziwa, ambayo niliwahi kulala, ilikuwa na nyumba za duara zilizokandikwa udongo kisha kupigwa lipu ya saruji ili zionekane nadhifu. Udongo hupumua, unanyonya unyevu wa usiku na kuutoa mchana. Saruji iliufungia unyevu huo ndani, na kufikia msimu wa pili lipu ilikuwa imejitenga na kuanguka vipande vipande, ikibandua udongo iliyoufunika. Nyumba ya babu yangu haikuwahi kupata ugonjwa huo, kwani kila kiangazi bibi aliikandika upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe.

Nyumba hiyo haipo tena. Familia ilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, uzio wa minyaa ukabaki peke yake kwa muda, na tulikohamia tulijenga kwa tofali na bati kama kila mtu. Sina lawama kwa aliyechagua bati, maana nyasi nzuri zimekuwa adimu, mashamba yamekula malisho, na mafundi wanazidi kupungua. Lakini kwa sababu hiyohiyo natamani kila mzazi wa Mwanza, Magu, Kwimba na Misungwi mwenye mtoto wa shule ampeleke Bujora angalau mara moja, na akiwa na mzee nyumbani amchukue pia, kwa kuwa mzee ataona makosa na ustadi ambao sisi hatuwezi kuuona.

Tengeni saa tatu au zaidi, vaeni viatu vya kutembelea juu ya mawe, na msiharakishe kwenye nyumba ya familia. Tulipokuwa tukiondoka, mama alimwuliza yule kijana nyasi za paa lile zilikatwa wapi. Akamtajia mahali. Mama akasema anapafahamu, kwamba baba yake naye alikuwa akizikata hukohuko, na wakakubaliana kwamba zikianza kukatwa kiangazi kijacho kijana atanipigia simu ili nimrudishe mama akakae kivulini na kuwaelekeza.