Vikopo vya kunyonya unyevu: kabatini safi, chumba kizima usijisumbue

Kwa mnaouliza kuhusu vile vikopo vya plastiki vyenye chembe nyeupe ndani, mi nimevitumia masika yote hapa Dar kwenye chumba cha nyuma ambacho jua halifiki, na jibu langu ni inategemea unaviweka wapi. Ndani ya kabati lililofungwa vinapiga kazi kweli, zile chembe ni kalsiamu kloraidi, chumvi inayovuta unyevu wa hewani mpaka inayeyuka yenyewe na maji yanajikusanya chini, nguo zimeacha kunuka uvundo na ule ukungu kwenye mbao za ndani haujarudi. Ila kukiweka katikati ya chumba na dirisha liko wazi ni kukausha bahari kwa kijiko, hela inapotea tu.

Halafu yale maji jamani msiyachezee, ni chumvi kali, yakidondokea bawaba zinashika kutu na kochi la ngozi linaharibika, watoto ndo wasiguse kabisa.

Na kama kabati lako ni la MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na limekaa chini kwenye sakafu inayotoa maji, hapa hakuna kikopo cha kukuokoa, ubao unanyonya kwa chini unavimba na ukishavimba haurudi, we linyanyue kwa vipande vya tofali uache na nafasi ukutani hewa ipite. Mninga unavumilia zaidi ila bei yake sasa, mmh. Nyota tatu na nusu.