Kichwa kipya cha visu kwenye plena yangu ya mezani: miezi mitano ya mninga na mkongo hapa Dodoma

Mnaopiga randa mninga kwa plena ndogo ya mezani, ile mashine ya umeme ya kulainisha mbao na kuipunguza unene, mnajua nikisema mbao imechimbika namaanisha nini. Unaipokea kule nyuma inaonekana safi, unaigeuza kwenye mwanga, pale karibu na fundo ambapo nyuzi zimepinda unakuta vishimo kama imedonolewa na kuku, na mteja aliipenda mbao hiyo kwa sababu ya mchoro wa hapo hapo. Mimi nilikuwa namaliza nusu saa na msasa wa namba 60 kwenye paneli moja ya mlango, na mlango una paneli nne mpaka sita, piga hesabu mwenyewe.

Mashine yangu ni DeWalt DW735, inchi 13, ya soko la Marekani kwa hiyo inatumia volti 120 na naiendesha kwa transfoma ya wati 3000. Ilikuja na kichwa chake, yaani ile silinda inayozunguka iliyoshika visu, cha visu 3 virefu vilivyonyooka na kwa paini sina neno nayo kabisa, mbao inatoka inang'aa. Shida ni mbao zetu. Mninga, mkongo, mvule, nyuzi zake zinapishana, mstari mmoja unalala huku wa pili unalala kule, sasa kisu kirefu kinagonga upana wote kwa mpigo mmoja na kikikuta nyuzi zimegeuka kinang'oa badala ya kukata. Halafu mbao zinatoka Tabora au Katavi zinashushwa yadi juu ya mchanga, na huu upepo wa Dodoma wa kiangazi mnaujua, vumbi linaingia mpaka ndani ya vinyweleo vya mbao. Mchanga hauna huruma na makali ya chuma. Nilikuwa nageuza visu kila oda kubwa, na kwa mashine hii kisu kina makali pande mbili tu, zikiisha zote unanunua seti nyingine.

Ndiyo nikaamua kubadilisha kichwa chenyewe. Nimeweka kile cha vijino, vidogo vya mraba vya tangsteni kabaidi, ile ile ya kwenye meno ya diski za kukatia mbao. Changu kina vijino 40 vimepangwa vinazunguka kama ngazi ya kupinda, na kila kijino kina makali pande 4, upande ukiisha unalegeza skrubu unazungusha robo. Hapa kuwe na umakini kwenye kununua maana muuzaji ataviita vyote spairo, yaani vya kupinda: kuna kichwa ambacho vijino vimepangwa kwa mzunguko lakini kila kimoja kinatazama mbao uso kwa uso, na kuna kile ambacho kila kijino kimelazwa kwa pembe kidogo kinakata kwa kuteleza kama unavyokata nyama kwa kuvuta kisu. Cha pili ndicho cha mninga. Tazama picha vizuri, uliza, mwambie akutumie video amekishika mkononi. Wanaofuatilia mashine watakuwa wanaijua Shelix ya Byrd ya Marekani, hiyo ni ya aina ya pili, na zipo za China za aina zote mbili.

Bei inauma, nisidanganye. Kichwa peke yake kilipita nusu ya hela niliyonunulia mashine.

Kufunga kulinichukua siku mbili. Unatoa mfuniko wa juu, makava ya pembeni, mkanda, puli, cheni, gia (weka gazeti chini, kuna grisi) halafu unachomoa kichwa na beringi zake. Piga picha kila hatua na simu, kila skrubu weka kwenye kikombe chake, zinafanana ila urefu tofauti. Siku ya pili ilipotea kwa sababu ya beringi. Nilipeleka kwa fundi mmoja anigandamizie kwenye kichwa kipya, akaigonga kwa nyundo kwenye pete ya nje, na beringi inayoingia kwenye shafti inasukumwa kwa pete ya ndani, ukigonga ya nje unaziumiza zile gololi. Nikafunga kila kitu, nikawasha, ikalia kama mbu. Nikafungua upya, nikanunua nyingine, safari hii nikachukua kipande cha bomba kinachokaa sawasawa kwenye pete ya ndani nikaisukuma taratibu kwenye jiliwa. Ikanyamaza. Kwa hiyo msimamie fundi wako, usimwachie ukaondoka.

Na vijino, kabla hujawasha hata mara moja pitia vyote kwa spana ya kupima nguvu, yangu naiweka kati ya 5 na 6 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Chini ya kijino pasiwe na hata punje ya unga wa mbao. Mimi nilizungusha kimoja bila kufuta kiti chake, pale kinapokaa, vizuri, kikanyanyuka unywele tu, na kila mbao iliyopita ilitoka na mfereji mwembamba mwanzo hadi mwisho. Sasa nina mswaki wa zamani na mafuta ya taa kwa kazi hiyo tu.

Haya, kazi. Mbao ya kwanza niliichagua makusudi, mninga upana wa inchi 9 wenye fundo katikati ambao nilishauweka pembeni kwa sababu visu vya zamani viliuharibu upande mmoja. Nikaupitisha mara tatu, nusu milimita kila mara. Nilipougeuza kwenye mwanga nikapitisha kiganja kuzunguka fundo mara mbili maana sikuamini, hamna kishimo, nyuzi zimelala zote na ile michirizi ya kahawia na dhahabu imetokea wazi. Aisee nilifurahi. Nikamwita kijana wangu aje aguse.

Kelele imepungua sana. Mama anayepika jirani na karakana alikuja mchana kuuliza, "Fundi, leo mashine haifanyi kazi?" na mimi niko katikati ya kazi. Mashine ikiwa tupu bado inalia, ila ule mlio wa kupasua masikio mbao ikiingia haupo tena, maana ni vijino vichache vinavyogusa mbao kwa wakati mmoja. Maranda nayo yanatoka madogo madogo, hayazibi bomba la kutolea vumbi. Barakoa bado navaa, vumbi la mninga linawasha kifua.

Sasa mabaya yake. Motori inafanya kazi zaidi, siyo pungufu kama wauzaji wanavyosema. Makali ya kabaidi siyo membamba kama ya chuma kipya kwa hiyo yanahitaji kusukumwa, nilikuwa natoa milimita moja na nusu kwenye mbao pana, sasa kwa mkongo wa inchi 12 sizidi nusu, na jioni umeme ukishuka napunguza tena au nasubiri. Mbao inatoka na vimistari vyepesi ukiitazama kwa ubavu, msasa wa 120 halafu 180 unavimaliza lakini lazima upige msasa, wakati paini kwa visu virefu vipya ilikuwa haihitaji. Kwa hiyo anayepiga paini na mkaratusi tu, vitanda vya shule na kenchi, abaki na visu vyake, hela hiyo anunue clampu. Na ile tabia ya plena kula ncha za mbao mwanzoni na mwishoni haiondoki kwa kubadilisha kichwa, hiyo inatokana na mbao kushikwa na rola moja tu kati ya zile mbili zinazoivuta, dawa yake ni meza za pembeni ziwe usawa na kuinua mbao kidogo inapoingia na kutoka. Mezani napaka mshumaa, inateleza vizuri.

Wiki iliyopita nilipitisha mbao ya mkongo iliyotolewa kwenye fremu ya zamani, tulishang'oa misumari yote, mmoja ulikuwa umekatikia ndani hatukuuona. Zamani hapo visu vyote 3 vina pengo. Safari hii vilivunjika ncha vijino viwili. Nikachomoa plagi, nikafuta viti vyake, nikazungusha robo, nikakaza, na kabla ya adhuhuri paneli zilikuwa zimeisha.