Bao la Mto Yangtze: mto umechongwa sawa, Du Yu amekosewa

Mchezo huu unauzwa Mkomani, Lamu, kwenye karakana ya mafundi wanaochonga jahazi za mfano, kwa shilingi 6,500. Wanacheza watu wawili hadi wanne, na kutoka mwanzo hadi mwisho huchukua kama saa mbili. Habari yake ni vita vya mwaka 279 na 280, dola ya Jin ilipoiteka Wu na China ikarudi chini ya mfalme mmoja. Mhusika mkuu ni Du Yu (222–285), jemadari aliyekuwa pia waziri. Mto hauna la kulalamikiwa. Huyo mtu mwenyewe ndiye aliyekosewa, ingawa dawa yake ni kalamu tu.

Bao ni vipande vitatu vya mwembe vinavyoungana kwa ulimi na tundu. Mto unakatiza katikati, kutoka Shu, jimbo la upande wa magharibi, hadi Jianye, mji unaoitwa Nanjing leo. Kete za Jin ni za rangi sita, na hilo ni sahihi: majeshi yalitoka kwa njia sita, jumla zaidi ya watu 200,000. Wu ana kete nyeusi, minyororo mitatu ya shaba ya kuvuka mto, na misumari kumi ya chuma ya kuchomeka kwenye matundu ya bao. Karata ni 48.

Minyororo na misumari ndiyo inayostahili bei yote. Wu kweli walifunga minyororo kwenye sehemu nyembamba za mto, na chini ya maji wakasimamisha miti ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita mbili ili kutoboa meli. Wang Jun, jemadari wa Jin aliyekuwa akishuka na meli kutoka Shu, alitengeneza vyelezo vikubwa makumi kadhaa, akavijaza watu wa majani waliovishwa deraya, akawatanguliza waogeleaji hodari. Vyuma vilichoma vyelezo, vikanasa, vikachukuliwa na mkondo. Kisha akaweka mienge mbele ya meli, mirefu kupita mita ishirini, iliyoloweshwa mafuta, ikachoma minyororo mpaka ikayeyuka na kukatika.

Mchezo unafuata mpangilio huohuo: chelezo, mwenge, ndipo meli. Wageni hukosea hapa. Wakiona mnyororo wanakimbilia mwenge, mnyororo unakatika, meli inapita na kukaa juu ya msumari ambao hakuna aliyeuondoa, na zamu mbili zinapotea. Nahodha yeyote aliyewahi kupita mlango mwembamba wa Mkanda maji yakitoka hatahitaji kuelezwa.

Karata ya Maranda nayo ni nzuri. Meli za Wang Jun ziliundwa kwa miaka mingi, na maranda ya mafundi yakaelea mpaka upande wa Wu. Afisa mmoja wa mpakani, Wu Yan, aliyaokota akampelekea mfalme wake Sun Hao, akaomba askari zaidi. Hakusikilizwa. Mchezaji wa Wu akivuta karata hii hurusha dadu, na asipopata sita haongezewi kete. Wengine watasema ni uonevu. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sasa Du Yu. Karata yake ina nguvu 5 za upanga, na mchoro unamwonyesha juu ya farasi, ngao mkononi. Historia rasmi ya nasaba ya Jin inasema hakupanda farasi, na mshale wake haukuweza kutoboa bamba la deraya. Watu walimwita Du Ghala la Silaha kwa sababu kichwani mwake hakikukosekana kitu: sheria, hesabu, kalenda, madaraja. Babake aligombana na Sima Yi, mkuu wa ukoo uliokuja kuanzisha Jin, na kwa hiyo mwana akakaa muda mrefu bila kazi, mpaka Sima Zhao, mwana wa Sima Yi, alipomwoza dada yake. Mwaka 264 mkuu wake, Zhong Hui, aliasi. Wenzake wa ofisini wakauawa, yeye akaokoka kwa akili. Akashiriki kuandika sheria za Jin zilizotangazwa 268, kisha akashika hazina kwa miaka saba. Mwaka 274 alijenga daraja la Fuping kwenye Mto Manjano huku wakubwa wakimwambia kwamba wafalme wa kale hawakuwahi kujenga hapo. Baada ya mafuriko ya 278 alishauri mabwawa mabovu yavunjwe, na katika ng'ombe wa serikali zaidi ya 45,000 waliokuwa wakila bure, 35,000 wagawiwe watu walime.

Kwa hiyo futa ile 5, andika 1. Badala yake mruhusu Du Yu avute karata moja ya Hati kila baada ya zamu mbili, na asogeze kete moja ya jeshi lolote la Jin, hata lisilo lake. Mchezo utarefuka kama nusu saa na utakuwa mgumu zaidi kwa Wu, basi mpe Wu msumari mmoja wa ziada.

Hati zenyewe zimetungwa na mtu anayejua. Hati ya Pili hukatiza zamu ya mwenzako, na kuna sababu: barua ya pili ya Du Yu ya kuomba vita vianze ilifika wakati mfalme wa Jin anacheza bao la Kichina na mshauri wake Zhang Hua, naye Zhang Hua akalisukuma bao kando akamsihi akubali. Hati ya Mateka itumie mapema. Du Yu alimshambulia Zhang Zheng, kamanda wa Wu, kwa ghafla, Zhang akaficha aibu yake, na Du Yu akawarudisha mateka moja kwa moja kwa Sun Hao, ambaye alimwondoa kamanda wake bora. Ukiichelewesha, Zhang atakuwa ameshatumika na hati haina kazi.

Kasoro kubwa ya sheria iko baada ya Jiangling, mji wa Wu, kuanguka. Jin anachagua: asubiri baridi kwa sababu maji yanapanda, au aendelee. Anayesubiri hupewa kete tatu, na kwa zawadi hiyo kila mtu anasubiri. Wapo waliomshauri Du Yu vivyo hivyo. Alijibu kwamba vita vimekuwa kama kupasua mwanzi: ukishavuka mafundo machache, mengine yanafunguka yenyewe mbele ya kisu. Sun Hao alisalimu amri mwaka uleule wa 280. Punguza zawadi iwe kete moja, na uamuzi utakuwa na uzito wake.

Ugomvi wa Wang Jun na Wang Hun, jemadari mwenzake wa Jin, kuhusu nani apewe sifa umewekwa kwenye kuhesabu pointi. Hauna ladha, ruka.

Kuhusu utunzaji: masika yakianza mwembe unavimba na ulimi hauingii tundu. Usigonge kwa nyundo, utapasua ukingo, anika kivulini. Misumari inashika kutu haraka kwa chumvi ya hewa, ipake mafuta ya nazi. Sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, ingefanya kazi nzuri zaidi ila hakuna atakayekaa mezani na harufu ile. Barazani kusi ikivuma karata zinaruka, kwa hiyo chezeeni ndani.

Upande wa nyuma wa bao ni mtupu. Baada ya ushindi Du Yu alirudi kwenye maji kwa njia nyingine: alifufua mifereji ya zamani ya umwagiliaji, akachimba njia ya Yangkou ili vyombo vipite kuelekea Yangtze na kusini, na wenyeji wakamwita Baba Du. Fundi akichonga mfereji huo kule nyuma, na kete za mchele badala ya askari, shilingi 6,500 zitakuwa rahisi.