Mwalimu wa mbwa aliyekuja na kipande cha mpira wa maji: uzoefu wangu

Nina hasira hii tangu masika na haijapoa, kwa hivyo naiandika. Kama uko Mombasa na unatafuta mtu wa kumfunza mbwa wako abweke ukimwambia, soma kwanza.

Mume wangu hufanya shifti ya usiku bandarini Kilindini. Mimi nabaki hapa Mikindani na watoto wawili na Chui, mbwa wetu jike mweusi. Sikutaka mbwa wa kuuma. Jioni watoto wa majirani hupita getini kwetu wakienda madrasa na kanzu zao safi, na mate ya mbwa yakiwagusa ni kuosha mara saba, mojawapo kwa mchanga. Nilichotaka ni hiki: mtu akitikisa geti saa nane usiku, niseme neno moja Chui abweke mtaa usikie, nikisema "kimya" anyamaze.

Jamaa nilielekezwa na watu. Alikuja na kijana wa kumsaidia, akataka nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla hata hajamtazama mbwa. Akamfunga Chui kwenye mwembe kwa mnyororo mfupi, akatoa kipande cha mpira wa maji, akawa anakipiga chini karibu na miguu yake huku anafoka, "Bweka! Bweka!" Chui hakubweka. Alifyata mkia, masikio yakalala, akajikojolea. Basi mpira ukatoka ardhini ukahamia mgongoni. Pigo la tatu ndipo akatoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, na yule bwana akanigeukia amefurahi: "Umeona, mama? Ameshika."

Ameshika nini? Nikamwambia huyo anaogopa tu. Akanijibu mbele ya wanangu: "Wewe rudi jikoni. Kazi hii nimeianza kabla hujajua mbwa analishwa nini."

Ningemtoa pale pale. Sikumtoa, kwa sababu pesa ilikuwa imeshakwenda, na hilo najilaumu mpaka leo. Alikuja wiki mbili hivi.

Alipomaliza, Chui akawa anabwekea kila kinachopita: muuza madafu, tuktuk, mamangu mzazi, hata kuti likianguka. Mtoto mmoja wa madrasa alikimbia akaangusha juzuu yake barabarani, nikaenda kumwomba mamake radhi. Halafu usiku mmoja mtu akalitikisa geti kweli. Nikasema, "Bweka!" Chui akaingia chini ya ngazi, akajikunyata. Neno nililolitaka litulinde yule mtu alikuwa ameligeuza kuwa jina la kipigo.

Sasa niseme haki. Siku moja bosi alitoka nje kupokea simu. Yule kijana akachutama chini, akatoa dagaa wakavu mfukoni, akamwomba mwanangu asimame nje ya geti. Akasema neno, mwanangu akabisha, Chui akabweka kwa sauti yake mwenyewe ile nzito, na papo hapo dagaa mdomoni. Kisha akamsogezea mwingine puani. Chui alipoacha kubweka anuse, kijana akasema taratibu, "Kimya," akampa. Wakarudia labda mara kumi. Mwishoni Chui alikuwa anabweka akisikia neno, kabla mlango haujabishwa, na mkia uko juu. Bosi akarudi akamgombeza: "Mbwa wa kununuliwa kwa dagaa, mwizi naye atamnunua!"

Maneno hayo yalinisumbua siku nyingi, maana yanaingia akilini. Lakini dagaa ni wa siku za kujifunza. Mbwa akishalijua neno unampa mara moja moja, baadaye kumsifu kunatosha. Nimeliona hapa kwangu. "Bweka" lilikuwa limeshaharibika, nikalitupa nikachagua "Nani?" Dakika tano asubuhi, tano jioni, vile vile alivyofanya kijana. Ilichukua zaidi ya mwezi. Leo nikisema "Nani?" hata sauti ya chini, Chui anasimama wima getini na mtaa unasikia. Nikisema "Kimya," anarudi kukaa miguuni pangu, na watoto wa madrasa wanapita.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msimchukue mtu huyu kabisa. Nikimkumbuka kijana, moyo unaniambia niseme mpigieni, lakini mwombeni kijana ndiye afunze. Hapana. Pesa inaingia kwenye simu ya mwenye mpira, na siku kijana asipokuwepo mbwa wako ndiye atakayelipia. Kijana akianza kazi yake mwenyewe, nitamlipa mara mbili bila kuuliza.

Jana nilitoa mpira wa maji kumwagilia sukumawiki. Chui alikuwa amelala kivulini chini ya mwembe. Alinyanyuka akautazama, akaenda nyuma ya nyumba, na hakurudi mpaka nilipoukunja nikauweka ndani.