Chakula cha wagonjwa kutoka mgahawa wa Kadutu

Mgahawa ninaouzungumzia hauna bango barabarani. Uko Kadutu, mjini Bukavu, kwenye mteremko unaoelekea sokoni, na wateja wake wanaujua kwa sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, kuliko kwa jina. Siandiki juu ya meza zake, ambazo ni chache na zinayumba, bali juu ya kazi nyingine inayofanyika pale, yaani kupika na kufunga chakula cha kupelekea wagonjwa hospitalini. Kila aliyewahi kulaza ndugu katika hospitali zetu anafahamu kwamba chakula cha mgonjwa hutoka kwa jamaa zake, na kwamba mtu aliyeletwa kutoka Shabunda, au aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi, mara nyingi hula kwa hisani ya wale wanaomhudumia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Hapo ndipo huduma hii inapowafaa wazazi wanaotaka watoto wao wazoee kutenda wema, si kuusikia tu. Familia inayoagiza chakula cha mgonjwa wake inaweza kuongeza sahani moja kwa ajili ya mgonjwa asiye na mtu, na isiyo na mgonjwa inaweza kuagiza hiyo moja peke yake. Jina la aliyelipa haliandikwi popote, jambo ninalolisifu sana. Nyumbani kwetu tumegawana kazi: kijana mkubwa hubeba kapu, dada yake hubeba termosi ya uji, na kitindamimba, ambaye kichwa chake bado hakifiki kwenye meza ya muuzaji, ndiye anayechagua kati ya maharage na samaki, uamuzi anaoupa uzito kuliko masomo yake yote.

Sombe yao imetwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, kama inavyotakiwa ili sumu ya majani ya muhogo iishe, wala haiogeleshwi katika mawese. Bugali ni wa kawaida. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ni wazuri wanapopatikana. Siku za mbalamwezi wavuvi wa ziwa Kivu hupata kidogo, kwa kuwa mwanga wa taa zao hauwavuti samaki kama katika giza, na hapo mpishi huweka maharage bila kuomba radhi. Kwa mgonjwa anayeanza kurudisha nguvu ningependekeza uji wa sosoma, ambao ni unga wa mtama, soya na mahindi.

Lakini kilichonifanya niiamini huduma hii ni maswali yanayotangulia chakula. Kabla ya kufunga, mama mwenye mgahawa huuliza: “Papa, mgonjwa amepasuliwa? Muganga amemuruhusu kula? Chumvi anakula?” Mwenye presha hupikiwa bila chumvi, mwenye kisukari huwekewa uji usiotiwa sukari, na aliyetoka kupasuliwa hafungiwi chochote mpaka ruhusa ipatikane. Kwa sahani ya ziada, ambayo hakuna ajuaye ataila nani, maswali hayo hurudi kwetu: tukifika wodini tunamtafuta kwanza muuguzi wa zamu, naye hutuonyesha kitanda, kisha mmoja wetu humwomba mgonjwa mwenyewe idhini kabla ya kufunua bakuli. Watoto walikuwa wakichoshwa na kungoja huko. Siku hizi wao ndio wanaotangulia kuuliza, na mkubwa amepiga marufuku simu zisitolewe mfukoni, kwa sababu mgonjwa hakuja hospitalini kupigwa picha.

Kasoro zipo. Vifuniko vya bakuli havikazi, hivyo anayepanda pikipiki katika barabara zetu atafika na mchuzi kwenye suruali. Sisi hushuka kwa miguu. Bakuli hutolewa kwa rehani, na rehani hiyo hurudishwa kwa uvivu. Dola hupokelewa, ila noti yenye mchaniko mdogo hukataliwa, kama ilivyo karibu kila mahali mjini, na chenji huja kwa faranga zilizochakaa mpaka tarakimu zimefutika. Jumapili baada ya misa foleni ni ndefu, na mwenye mgonjwa anayesubiri dawa za baada ya kula asijaribu kabisa saa hiyo.

Kwa hiyo agizeni Jumamosi jioni, mlipe kwa faranga, na mje na vifuniko vyenu.